Mikoko ya Mikindani, Mlezi wa Kaa na Kamba

Mtaa wa Mikindani, upande wa Changamwe, umepakana na Hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Mombasa na kupokea maji ya mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu. Zamani kingo zake zilisongamana mikoko, michu na mikandaa, na humo walikulia kaa, kamba na samaki wengi wanaovuliwa pwani hii.

Kaa koko jike huyabeba mayai yake mwenyewe. Huyashikiza chini ya mkunjo wa tumbo, mamilioni yakiwa yamegandana bonge moja la rangi ya chungwa. Kwa muda wa wiki mbili hivi huyapepea ili yapate hewa na kuyachambua uchafu kwa miguu. Rangi yake hugeuka kahawia, kisha nyeusi, macho ya viluwiluwi yanapoanza kuonekana ndani. Wakati huo mama huwa ameshatoka horini kwenda bahari kuu kuangulia, na hapo malezi yake hukoma. Watoto huelea wiki kadhaa kabla ya kurudi mikokoni.

Kamba wa baharini hana hata ulezi huo. Jike huyaacha mayai majini, na vifaranga huingia horini wenyewe maji yanapojaa. Kwa hiyo anayewalea wote ni mkoko: mizizi yake iliyosukana huwazuia samaki wakubwa, na majani yanayooza huwapa chakula. Nao mkoko huotesha mbegu ingali mtini, ukaining'iniza hadi mche uwe tayari kusimama topeni.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko yote ya Kenya kuwa msitu wa serikali. Boriti ziliendelea kupakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba hadi zilipopigwa marufuku kuuzwa nje mwaka 1982. Katika Hori ya Tudor, hatari kubwa ilitoka mjini. Bandari ilipanuka, kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa Changamwe mwaka 1963, na wafanyakazi wakahitaji nyumba na kuni. Majitaka ya Mikindani yakaelekezwa mikokoni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikashusha udongo uliofukia mizizi ya kupumulia, na miti ikafa imesimama. Kati ya 1992 na 2009, zaidi ya robo tatu ya mikoko ya hori hiyo ilitoweka.

Kaa jike anaweza kuyalinda mayai yake hadi yaanguliwe, lakini hawezi kuwapa watoto pa kurudi. Hiyo ni kazi ya binadamu. Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko iliyopandwa miaka ya 1990 ilionyesha kwamba miti ikishika, kaa hurejea. Vikundi vya wakazi wa kingo za Tudor navyo vimekuwa vikipanda miche upya, na kila mche unaostahimili huongeza nafasi ya malezi iliyopotea.