Hallsands, kijiji kilichochimbwa chini ya miguu

Leo tunawapeleka Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye kijiji cha wavuvi kinaitwa Hallsands. Wengi tunafikiri wanaopoteza makwao ni watu wa kwetu tu, kwa sababu ya vita. Someni hii.

Hallsands ilikaa pahali pembamba sana: nyuma jabali, mbele bahari, karibu na mnara wa taa wa Start Point. Mwaka 1891 kulikuwa na nyumba 37 na watu 159. Walivua kaa na samaki, na mbwa wao wakubwa walifundishwa kuogelea hadi kwenye mashua kuleta kamba ili watu waivute ufukweni. Kilichowakinga na mawimbi ni changarawe nyingi za ufukwe. Hizo ndizo zilikuwa ukuta wao.

Sasa serikali ilitaka kupanua bandari ya jeshi la majini kule Devonport. Zege inahitaji changarawe. Mwaka 1897 mkandarasi Sir John Jackson akaanza kuzichota baharini mbele ya kijiji, kwa kibali cha serikali. Wanakijiji wakalalamika, uchunguzi ukafanyika, wakaambiwa hakuna hatari, bahari itarudisha zingine. (Hayo maneno ya "msiwe na wasiwasi" sisi tunayajua vizuri.) Kumbe changarawe zile ni za zamani mno, zilibaki tangu enzi za barafu, hazirudi. Ufukwe ukashuka kwa mita kadhaa. Kibali kikafutwa 1902, lakini ufukwe ulikuwa umeshakwisha. Ukuta wa kuzuia maji ukajengwa, nao haukutosha.

Usiku wa 26 Januari 1917 dhoruba ikaja pamoja na maji kujaa. Hakuna aliyekufa, watu walipanda juu wakitazama nyumba zinavunjika. Mwaka huo ulipoisha, nyumba ya kukalika ilibaki moja tu.

Fidia ndiyo ilichelewa. Mabishano yalikwenda miaka, mwishoni wakapewa pauni 6,000 wote kwa jumla, na miaka ya 1920 zikajengwa nyumba mpya jirani, chache kuliko zile zilizopotea.

Kuna mama mmoja, Elizabeth Prettejohn, alikataa kuondoka. Alibaki peke yake kwenye ile nyumba moja na kuku zake, akiwaeleza wageni nini kilitokea, mpaka akafariki mwaka 1964.