MFAHAMU KOMLA DUMOR: MTANGAZAJI WA BIASHARA ALIYEANZIA KWENYE PIKIPIKI

Kuna vijana wenzangu wengi wanaotamani utangazaji, ukiwatajia Komla Dumor wanakutolea macho tu. Nimeona nimlete huyu jamaa hapa, maana historia yake ni shule tosha.

Jina lake kamili ni Komla Afeke Dumor. Alizaliwa Accra, Ghana, tarehe 3 Oktoba 1972, kwenye familia ya wasomi. Baba yake, Ernest Dumor, ni profesa wa sosiolojia. Upande wa mama, babu yake ni Philip Gbeho, yule aliyetunga wimbo wa taifa wa Ghana. Kwa hiyo msije mkadhani katokea kwenye shida za kulala njaa, hapana.

Lakini hata huko mambo hayakunyooka. Alianza masomo ya kuelekea udaktari Nigeria, akayaacha. Akarudi nyumbani, akasoma sosiolojia na saikolojia Chuo Kikuu cha Ghana. Kazi ya utangazaji kaianzia wapi? Redioni, Joy FM ya Accra, na sio studio kwenye kiyoyozi! Alikuwa ripota wa foleni za magari asubuhi, yuko juu ya pikipiki anawaambia madereva wapi kumefunga. Mimi niliyeishia sekondari hapo ndo paliponigusa zaidi. Kutoka barabarani akapanda hadi kuwa mtangazaji wa kipindi kikubwa cha asubuhi cha redio hiyohiyo, na mwaka 2003 akatunukiwa tuzo ya Mwandishi Bora wa Mwaka wa Ghana. Baadaye akachukua na shahada ya uzamili ya utawala wa umma Harvard, Marekani.

BBC walimchukua 2006, akaanza na redio, idhaa ya Kiingereza kwa Afrika. Halafu mwaka 2009 ndo likaja lile jambo lenyewe: Africa Business Report kwenye televisheni ya BBC World News, yeye akiwa mtangazaji wa kwanza wa kipindi.

Sasa hapa tuelewane. Sisi Waafrika tulikuwa tumezoea kujiona kwenye TV za nje tukiwa kwenye vita, njaa au kambi za wakimbizi. Ghafla anatokea jamaa mmoja mrefu, pande la mtu, sauti nzito, anazunguka nchi hadi nchi kukutana na wafanyabiashara na kuuliza hela inapatikanaje na inaenda wapi. Aliwahoji wakubwa kama Bill Gates na Kofi Annan. Nilichompendea mimi ni kwamba alikuwa haogopeshi watu kwa maneno ya kibenki, unamwelewa hata kama hujui hisa ni nini. Na hakuwa mtu wa kusifia tu. Alitaka Afrika isimuliwe yote, mazuri na mabaya yake, na kwenye mhadhara wake wa TEDxEuston London mwaka 2013 hilohilo ndo alilolisemea.

Kwenye kipindi hicho cha biashara kiti kilikuja kuchukuliwa na Lerato Mbele wa Afrika Kusini, na Komla akawa sura ya Focus on Africa ya televisheni iliyoanza 2012. Alitangaza pia Kombe la Dunia 2010, harusi ya Prince William 2011, na mazishi ya Mzee Mandela Desemba 2013.

Mwezi mmoja tu baada ya hayo mazishi, tarehe 18 Januari 2014, akafariki ghafla nyumbani kwake London. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 41, akaacha mke na watoto watatu. Rais John Mahama alisema Ghana imempoteza mmoja wa mabalozi wake bora. Inauma, maana jamaa ndo kwanza alikuwa anafika kileleni.

BBC wakaanzisha tuzo kwa jina lake, mshindi anaenda kufanya kazi London miezi mitatu. Na hapa Afrika Mashariki tumeivuna kwelikweli! Wa kwanza, 2015, alikuwa Nancy Kacungira wa Uganda. Wakafuata kwa nyakati tofauti Waihiga Mwaura wa Kenya (2018), Solomon Serwanjja wa Uganda (2019), Victoria Rubadiri wa Kenya (2020) na Rukia Bulle, naye wa Kenya (2024). Watanzania wenzangu, hapo jina letu mnaliona?