Mbarika na UKIMWI: sumu iliyotafutiwa kazi

Mbarika, au mnyonyo kama wanavyouita wenzetu wa bara, hauna haja ya mpandaji. Huota wenyewe kando ya njia na majalalani, na mkaazi wa Shumba kule Pemba hahitaji kuelekezwa. Mafuta yake yanajulikana tangu zamani, lakini mbegu yenyewe wazee walikataza isitiwe kinywani.

Walisema kweli. Mwaka 1888 Peter Hermann Stillmark, katika Chuo Kikuu cha Dorpat, aliitenga sumu iliyomo akaiita risini. Ni protini. Ikiingia ndani ya chembe ya mwili huharibu mitambo inayotengeneza protini za chembe hiyo, nayo hufa.

Miaka 100 baadaye sumu hiyo ilitafutiwa kazi. Dawa ya AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilizuia virusi vya UKIMWI visizaane, lakini haikuua chembe iliyokwishaambukizwa. Wataalamu wakaona dawa ya moto ni moto. Risini ina sehemu mbili: moja hufungua mlango wa chembe, ya pili huua. Waliiondoa ya kwanza, wakaiunganisha ile ya kuua na CD4, protini ambayo virusi hujishikiza kwayo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1988: maabarani, chembe zenye virusi zilikufa, zilizo salama zikasalimika.

Mwaka 1989 ikaja zamu ya trikosanthini, protini ya mzizi wa mmea wa jamii ya matango uliotumika Uchina kutoa mimba. Wagonjwa wa San Francisco walikuwa wakiona wenzao wanazikwa, hawakusubiri. Dawa iliingizwa kwa siri, wakadungwa sindano nje ya utaratibu wa serikali. Baadhi walipoteza fahamu, na vifo vikaripotiwa.

Kati ya protini hizo mbili, hakuna iliyopata kuwa dawa ya UKIMWI. Kikwazo kimoja ni hiki: zipo chembe zinazoficha virusi vilivyolala, na nje hazioneshi alama yoyote. Sumu inayotafuta alama huzipita. Ndiyo maana hata leo mgonjwa akiacha dawa za kufubaza virusi, vile vilivyolala huamka.

Basi atakayekuambia mti wake umeshinda pale waliposhindwa hao, muulize: umejaribiwa kwa nani, na nani aliyehesabu waliopona na waliokufa? Asipokuwa na jibu, mshukuru, uende zako hospitali ukachukue vidonge vyako.