Merikebu, Hekalu na Nyumba ya Nyasi

Plutarch anasimulia kuwa Waathene waliitunza merikebu ya Theseus, yenye makasia 30, kwa vizazi vingi. Ubao ukioza, waliung'oa wakapachika mwingine imara. Wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema chombo ni kilekile, wale wakikataa. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akalikaza fundo. Tuseme kuna mtu aliyeziweka zile mbao kuukuu, kisha akaziunga tena kwa mpangilio wa awali. Merikebu sasa ni mbili. Ya Theseus ni ipi?

Fumbo hili hufundishwa kana kwamba kila binadamu lazima akwame hapo. Sikubali. Linatudai tuitafute dhati ya kitu ndani ya kitu chenyewe tu: ama katika maada yake, ama katika umbo lake.

Kule Ise, Japani, hekalu la Amaterasu hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, vita vikaikatiza kwa zaidi ya karne moja, na ujenzi wa 62 ukakamilika mwaka 2013. Viwanja viko viwili, ubavu kwa ubavu, hivyo kwa muda majengo mawili yanayofanana husimama pamoja. Mfuasi wa Aristotle atakayesema kuwa umbo ndilo linaloamua atashindwa kujibu, kwa maana umbo liko kotekote. Kinachoamua ni ibada ya usiku ya kumhamisha mungu huyo. Jengo la zamani hubomolewa; baadhi ya nguzo zake huchongwa kuwa malango ya daraja la Uji, na mbao nyingine hupelekwa kwenye mahekalu mengine. Hakuna anayedai kuwa hekalu limehamia darajani.

Kasubi, jijini Kampala, jambo lilikuwa zito zaidi. Tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 kuwa kasri la Kabaka Muteesa wa Kwanza, naye akazikwa humo mwaka 1884. Hapakuwa na kubadilisha ubao mmoja mmoja. Paa lote liliondoka kwa mkupuo. Kwa kipimo cha maada, kilichojengwa baadaye ni nakala. Lakini makabaka wanne bado wamelala palepale. Pete 52 zilizo ndani ya paa husimama kwa niaba ya koo 52 za Buganda, na kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye. Fundi wa nje, hata akiwa hodari namna gani, angeezeka nyumba nyingine.

Je, basi kitu ni chochote tunachoamua kukiita? La hasha. Umma mzima unaweza kudanganywa na paa la mtu asiye na haki, na paa hilo likabaki bandia. Mlima usiotunzwa na mtu hauhusiki na hoja hii. Huo namwachia Aristotle.

Hata Athene walilijua hili kabla ya mabishano. Kwa mujibu wa Plato, chombo walichosema ni cha Theseus kilikwenda Delos kila mwaka kutimiza nadhiri kwa Apollo, na kabla hakijarudi ilikuwa haramu kumuua mfungwa. Ndiyo maana mwaka 399 K.K. Socrates alikaa gerezani akikingoja. Merikebu ya Theseus ni ile iliyobeba nadhiri. Ya Hobbes ni mbao zilizopangwa vizuri.