Somo la Kazi na Mipango ya Maisha (Ontario)
Ni somo la lazima kwa wanafunzi wa darasa la 10, wenye umri wa miaka 15 hivi, katika jimbo la Ontario, Kanada. Hufundishwa kwa saa 55 na kuhesabiwa nusu krediti. Nusu ya pili ya krediti hiyo ni somo la uraia. Mwanafunzi hupima vipaji vyake, huandika wasifu wa kuombea kazi na kujiandaa kwa usaili. Mtaala wa 2019 unamtaka pia apange bajeti ya mwaka wa kwanza baada ya sekondari: kodi ya nyumba, nauli, ada. Hapo ndipo somo hupata uhai, maana kijana aliyezoea kupakuliwa chakula nyumbani hulazimika kuulizia bei ya mchele. Muda, hata hivyo, ni mfupi mno. Asiyelifaulu hapati diploma ya sekondari.