Upimaji wa mahitaji maalumu ya kielimu

Upimaji wa mahitaji maalumu ya kielimu ni uchunguzi unaofanywa ili kujua kwa nini mtoto anashindwa kujifunza kama wenzake wa umri wake, na ni msaada gani unaomfaa. Hufanywa na walimu wa elimu maalumu wakishirikiana na wataalamu wa afya na wazazi. Upimaji huo ni tofauti na mtihani: mtihani huonyesha mtoto anajua nini, lakini hauelezi chanzo cha kushindwa kwake.

Historia

Mwaka 1905 Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo cha akili cha kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada shuleni. Binet hakukubali kwamba akili ya mtoto ni kitu kisichoweza kubadilika. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianza kufungua vituo vya upimaji mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilihimiza nchi zote kuwapokea watoto wenye mahitaji maalumu katika shule za kawaida.

Mambo yanayochunguzwa

Upimaji mzuri huanza na macho na masikio. Mtoto asiyeona ubaoni, au ambaye sikio lake hutoka usaha mara kwa mara, anaweza kudhaniwa kuwa mzito wa kuelewa. Kuna aina ya kifafa isiyomwangusha mtoto, bali humfanya azubae kwa sekunde chache. Mwalimu huweza kuiona kama utovu wa usikivu. Malaria ya ubongo nayo inaweza kuacha madhara katika usikivu, usemaji na kumbukumbu.

Baadaye huchunguzwa uwezo wa kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na dalili za disleksia, usonji na ulemavu wa akili. Wazazi huulizwa kuhusu uzazi, magonjwa ya utotoni, na umri ambao mtoto alianza kutembea na kusema. Utoro, njaa na hofu ya viboko pia huzingatiwa.

Lugha ina uzito wake. Katika Bangwe, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto aliyelelewa kwa Kiha akipimwa kwa Kiswahili pekee anaweza kupata alama za chini kwa sababu hakuelewa swali. Kwa hiyo mpimaji anapaswa kujua kwanza lugha ya nyumbani.

Utaratibu nchini Tanzania

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata elimu. Kwa kawaida mzazi huanza kwa mwalimu mkuu, ambaye huwasiliana na ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri. Ofisi hiyo huweza kumwelekeza kwenye kituo cha upimaji. Kwa upande wa afya, mtoto huanzia zahanati au kituo cha afya. Akihitaji uchunguzi zaidi, hupewa rufaa. Kwa wakazi wa Bangwe, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, mjini Kigoma. Juu yake zipo hospitali kama Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam, na safari ya huko ni gharama kubwa kwa familia nyingi.

Matumizi ya matokeo

Ripoti nzuri haiishii kwenye jina la tatizo. Hueleza mtoto anaweza nini, akae wapi darasani, afundishwe vipi na apimwe tena lini. Utambuzi hugusa hata mitihani: Baraza la Mitihani la Tanzania huweza kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto asiyetambuliwa mapema hukosa nafasi hiyo, na huweza kukariri darasa au kuacha shule kwa tatizo ambalo pengine lingetatuliwa kwa miwani.