Keino, Kipchoge

Kipchoge Hezekiah Keino (amezaliwa 17 Januari 1940, Kipsamo, Nandi) ni mwanariadha mstaafu wa Kenya aliyekuwa polisi. Ametwaa dhahabu mbili za Olimpiki, na pamoja na mkewe Phyllis amelea watoto yatima huko Eldoret kwa miongo kadhaa. Ushujaa uliomletea heshima duniani haukuwa wa kupambana na majambazi. Ulionekana uwanjani, alipokimbia akiwa mgonjwa.

Keino alifiwa na mama akiwa bado mdogo, akalelewa na jamaa. Alipojiunga na polisi akapangiwa Chuo cha Polisi Kiganjo, karibu na Nyeri, akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Enzi hizo riadha haikuwa na fedha. Kijana mwenye mbio alitafuta polisi, jeshi au magereza, apate mshahara, ruhusa ya kusafiri na wenzake wa kushindana nao kila asubuhi. Kwa hiyo historia ya riadha ya Kenya ni historia ya vyombo hivi pia, jambo ambalo wasifu wa wanariadha wengi hulitaja kwa mstari mmoja tu. Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 alimaliza wa tano katika mita 5,000. Mwaka uliofuata alivunja rekodi mbili za dunia: mita 3,000 kwa dakika 7:39.6 nchini Sweden mwezi Agosti, na mita 5,000 kwa 13:24.2 nchini New Zealand mwezi Novemba.

Jina lake lilikaa vinywani mwa watu tangu Mexico City, Oktoba 1968. Alifika huko akisumbuliwa na mawe katika kibofu cha nyongo. Katika mita 10,000, ikiwa imebaki mizunguko miwili, maumivu yalimwangusha nje ya njia. Akainuka akamaliza, ingawa hakuhesabiwa tena. Siku nne baadaye alipata fedha katika mita 5,000, Mohammed Gammoudi wa Tunisia akimpita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Madaktari walimtaka asikimbie tena. Siku ya fainali ya mita 1,500, tarehe 20, msongamano wa magari ulimkwamisha njiani, akashuka akaenda uwanjani mbio. Mpinzani wake alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, mtu ambaye wote walihofia kasi yake ya mwisho. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, aliuwasha moto mzunguko wa kwanza ili Ryun asipate nafasi ya kuitunza kasi hiyo, kisha Keino akashika uongozi na hakuuachia. Alimaliza kwa 3:34.91, karibu sekunde tatu mbele ya Ryun, na muda huo ukabaki rekodi ya Olimpiki hadi 1984. Ni kweli kwamba mji ule, ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, uliwapendelea watu wa nyanda za juu. Lakini mwinuko hautibu nyongo.

Munich, 1972, alitwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hakuwa amezizoea, na fedha ya mita 1,500. Mwaka uliofuata aliacha riadha ya ridhaa.

Kazi ya watoto ilianza kidogo kidogo: mtoto mmoja asiye na kwao, kisha mwingine, wote wakichanganyika na watoto wa nyumbani. Phyllis ni muuguzi kwa taaluma, na ni haki kusema kwamba mzigo wa kila siku, yaani homa, sare na chakula, ulikuwa mabegani mwake wakati mume akialikwa kwenye majukwaa. Makao yao yako katika shamba lao liitwalo Kazi Mingi. Shule ya msingi yenye jina la Keino ilifunguliwa 1999, na ya sekondari ikafuata miaka kumi baadaye. Mwaka 1987 jarida la Marekani la Sports Illustrated lilimweka miongoni mwa wanamichezo wanane wa mwaka kwa ajili ya huduma kwa jamii.

Aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya kuanzia 1999 hadi 2017. Agosti 2016, katika ufunguzi wa michezo ya Rio, alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Olympic Laurel, inayotolewa kwa mchango katika elimu, utamaduni na amani. Michezo hiyohiyo iliacha kashfa ya fedha za timu ya Kenya. Oktoba 2018 iliamriwa ashtakiwe pamoja na viongozi wengine, lakini baadaye aliondolewa katika kesi na kufanywa shahidi wa upande wa mashtaka.

Kwa upande wa Tanzania, anayekaribiana naye zaidi ni Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyekuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Walikutana Lagos, Januari 1973, katika mita 1,500 za Michezo ya Afrika: kijana Bayi akashinda, Keino akawa wa pili. Februari 1974 Bayi akaweka rekodi ya dunia ya umbali huo huko Christchurch, 3:32.2, akiongoza tangu mlio wa bastola. Naye aliigeukia elimu. Shule zake ziko Kimara, Dar es Salaam, na Mkuza, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, na taasisi yenye jina lake hukuza vipaji vya vijana katika michezo. Keino alianza na kitanda cha mtoto nyumbani, darasa likaja baadaye. Bayi alianzia darasani.